Miji jirani na kiwanda kimoja cha kurejeleza taka: kukimiliki pamoja, kuwa mteja wa jirani, au kumpa mkandarasi?

Miji inayopakana hukutana kwenye taka kabla haijakutana mezani. Lori la mji huu linapita barabara za mji ule, chupa iliyotupwa kwenye mfereji wa juu inaibukia kwenye mfereji wa chini, na mwokota taka anayefuata mzigo wenye bei haulizi mpaka uko wapi. Ndiyo maana wazo la kuwa na kiwanda kimoja cha kurejeleza taka linazuka kila mahali ambapo miji miwili au mitatu imegusana. Mara nyingi ni wazo zuri. Kinachowakwamisha watu ni swali linalofuata: kiwanda hicho kiwe cha nani?

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya diwani aliyewekewa mapendekezo matatu mezani, afisa usafi anayetakiwa kutoa ushauri wiki hii, na mkazi atakayeitwa kwenye kikao cha maoni na hataki kwenda mikono mitupu. Njia ninazozilinganisha ni tatu. Ya kwanza, miji inaunda mamlaka ya pamoja inayomiliki kiwanda. Ya pili, mji mmoja unajenga na kumiliki, na jirani anapeleka taka zake kwa kulipia kila tani. Ya tatu, miji inaungana kutangaza zabuni na kumpa mkandarasi mwenye kiwanda chake.

Niseme mapema ninachokiamini, ili usome ukijua nimesimama wapi: mashine ndiyo sehemu rahisi. Majirani hugombana juu ya mabaki, yaani uchafu unaobaki mwisho wa mkanda ambao hakuna mnunuzi anayeutaka. Mkataba usiosema mabaki ni ya nani bado haujakamilika, hata ukiwa na kurasa mia mbili.

Kiwanda chenyewe kinafanya nini

Tunachokiita kiwanda cha kurejeleza, mara nyingi ni kiwanda cha kuchambua. Hakiyeyushi chupa wala hakitengenezi karatasi. Kinatenganisha, kinafunga, kinauza kwa wenye viwanda vya kuyeyusha. Lori hupanda kwenye mizani ya magari likiwa limejaa, humwaga mzigo sakafuni, kisha hupimwa tena likiwa tupu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tani zinazoandikwa kwenye jina la mji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kiwanda cha pamoja ni mizani hiyo.

Kutoka sakafuni mzigo hupanda mkandani. Wafanyakazi waliovaa glavu huondoa kwanza vitu vya balaa: mifuko laini inayojisokota kwenye ekseli za vichekecheo mpaka mtambo usimame, waya, mipira ya kumwagilia, nguo. Baada ya hapo vichekecheo hutenga maboksi, sumaku hunyakua mikebe ya chuma, na ngoma yenye sumaku inayozunguka kwa kasi huirusha mikebe ya alumini pembeni. Mashine za miale ya infraredi husoma aina ya plastiki na kuipuliza kwa hewa hadi kwenye kapu lake. Plastiki nyeusi iliyotiwa rangi ya masizi haisomeki kwa miale hiyo, kwa hiyo mara nyingi huishia kwenye mabaki hata kama yenyewe ni plastiki nzuri. Mwisho kabisa mashine ya kushindilia hufunga marobota.

Mashine hizi hazishuki bei kwa kuwa mji ni mdogo. Kisomaji cha infraredi kinagharimu kilekile kikifanya kazi saa 2 kwa siku au saa 16. Mnunuzi naye anataka lori zima la aina moja; mji mdogo unaweza kungoja wiki nyingi kujaza lori moja la alumini huku karatasi zake zikinyeshewa uani na kupoteza thamani. Na alumini ndiyo mali ya kuiheshimu kuliko zote mle ndani, kwa sababu kuyeyusha iliyotumika kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye madini. Mkiunganisha tani, mnapata mashine ambazo kila mmoja peke yake asingezimudu.

Lakini kuna mahali ambapo kuungana hakulipi. Chupa tupu na maboksi ni hewa tupu. Ukizisafirisha mbali kwa malori madogo ya mtaani unalipia mafuta ya kubeba hewa. Miji iliyoachana kwa umbali mkubwa inahitaji kituo cha kuhamishia, ambako malori madogo hushusha na trela kubwa kupakia, na gharama ya kituo hicho lazima iingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Mabaki ya jikoni ni habari nyingine kabisa: yana maji mengi, yanaoza, na kutengeneza mboji kunaweza kufanyika karibu na kwenu. Hayo msiyapandishe kwenye trela la kiwanda cha pamoja.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali sita.

- Mtaji na deni: nani anakopa, na nani anabaki na deni mambo yakienda vibaya?
- Maamuzi: mji mdogo una sauti gani?
- Mabaki: uchafu unapimwaje, na nani analipia kuutupa?
- Soko: bei ya marobota ikianguka, nani anaumia?
- Dharura: kiwanda kikisimama, malori yanaelekea wapi?
- Kutoka: mji ukitaka kujitoa, unaondokaje?

Kigezo cha mabaki kinahitaji mfano wa hesabu, kwa sababu kila niliyemwonyesha alishtuka. Chukua miji miwili ya kufikirika. Mji wa kwanza unaleta tani 60 kwa siku, na asilimia 10 ni uchafu. Hizo ni tani 6. Mji wa pili unaleta tani 20, na asilimia 30 ni uchafu. Nazo ni tani 6. Jumla ya mabaki ni tani 12. Sasa, mkataba ukisema "gharama ya mabaki igawanywe kwa uzito wa taka zilizoletwa", mji wa kwanza utalipia tani 9 na wa pili tani 3. Wakazi wa mji wa kwanza, walioosha chupa na kutenga maboksi yao, wanamlipia jirani tani 3 kila siku inayopita. Hawatajua mwezi wa kwanza. Watajua siku mkaguzi wa hesabu atakapozigundua, na hapo hata salamu za madiwani zitabadilika.

Dawa yake inajulikana, ila inachosha. Lori moja la kila mji huchaguliwa bila taarifa, mzigo wake humwagwa peke yake kwenye kona, na watu huuchambua kwa mkono: maboksi huku, chupa kule, mikebe pale, na lundo la uchafu katikati. Nimesimama kwenye zoezi kama hilo kuanzia asubuhi. Nilichokumbuka jioni si harufu. Nilikumbuka wawakilishi wawili wa miji miwili waliochuchumaa pande mbili za boksi lililolowa mafuta, wakibishana kama ni karatasi au ni uchafu. Walikuwa na haki ya kubishana, kwa sababu kanuni ya boksi lenye mafuta haikuwa imeandikwa popote. Andikeni kanuni hizo kabla ya lori la kwanza kufika, tena kwa picha.

Njia ya kwanza: mamlaka ya pamoja

Miji inaunda chombo kimoja cha umma chenye bodi, wafanyakazi na akaunti yake. Mfano mzuri ni HSY ya Ufini, iliyoanza kazi mwaka 2010 ikimilikiwa na miji minne inayogusana: Helsinki, Espoo, Vantaa na Kauniainen. Inashughulikia maji na taka, na kituo chake kikubwa cha taka cha Ämmässuo kiko ndani ya Espoo. Kauniainen ni mji mdogo uliozungukwa na Espoo pande zote. Usingeweza kufikiria kuwa na mtambo wa peke yake.

*Mtaji na deni.* Deni ni la wote, na kwa kawaida wakopeshaji hulipokea vizuri zaidi kwa kuwa linasimamiwa na bajeti kadhaa. Ubaya wake ni huohuo: mji mmoja ukiyumba, wenzake wanabeba. Katika baadhi ya nchi serikali kuu huusukuma mpango huu kwa fedha. Brazili ina sheria ya mwaka 2005 inayoweka utaratibu wa miungano ya umma, na sheria yake ya taka ya mwaka 2010 inaipa kipaumbele miji iliyoungana inapoomba fedha za serikali ya shirikisho. Kabla ya kuchagua, ulizeni kama kwenu kuna mlango kama huo.

*Maamuzi.* Hapa ndipo penye utamu na uchungu wa njia hii. Kila mji una kiti, lakini kiti chenye uzito gani? Kura zikilingana, mji mkubwa unaoleta taka nyingi kuliko wote utahisi unaburutwa. Kura zikifuata idadi ya watu, mji mdogo unakuwa mpiga makofi. Ninaona suluhisho la haki ni kugawa mambo: shughuli za kawaida ziamuliwe kwa kura zinazofuata tani, lakini mambo machache makubwa, kama mkopo mpya, mwanachama mpya na kuhamisha kiwanda, yahitaji kila mji ukubali. Na ratiba ya bodi iheshimiwe. Mamlaka ambayo bodi yake haikutani ni mkandarasi asiye na msimamizi.

*Mabaki.* Njia hii ndiyo inayotoa nafasi nzuri zaidi ya kugawa mabaki kwa haki, kwa sababu takwimu zote ni za wote. Nafasi si uhakika. Kwa kuwa kila mmoja ni mwenye mali, kuna aibu ya kumwambia mwenzako mzigo wake ni mchafu, na mambo hufunikwa. Vipimo vya sampuli viwe vya lazima kwenye katiba ya mamlaka, visingoje mtu ajitokeze kulalamika.

*Soko.* Faida na hasara mnagawana. Uchina ilitangaza mwaka 2017 kwamba inafunga mlango kwa aina 24 za taka, katazo likaanza Januari 2018, na kiwango cha uchafu kinachoruhusiwa kwenye mizigo mingine, karatasi ikiwemo, kikashushwa hadi asilimia 0.5. Miji mingi ya Marekani na Ulaya iliyokuwa ikipata fedha kwa karatasi zake ilijikuta inalipa ili zichukuliwe. Mamlaka yenye akiba inavuka kipindi kama hicho. Isiyo na akiba inarudi kwa kila mji kuomba nyongeza katikati ya mwaka wa bajeti, na hakuna ombi linalochukiwa kama hilo.

*Dharura.* Mayai yote yako kapu moja. Septemba 2016 moto mkubwa ulizuka kwenye kituo cha Shoreway kule San Carlos, California, kinachomilikiwa na mamlaka ya pamoja ya miji kadhaa ya eneo hilo. Betri ya lithiamu ndiyo iliyoshukiwa. Mizigo ikabidi ipelekwe kwenye mitambo ya wengine. Betri moja ya simu iliyotupwa kwenye pipa lisilo lake, ikapondwa na tingatinga sakafuni, inatosha kusimamisha huduma ya miji yote kwa pamoja. Mkataba wa akiba na kiwanda kingine usainiwe wakati kiwanda chenu kingali kizima.

*Kutoka.* Ni vigumu, na pengine inapaswa kuwa vigumu. Anayetoka aondoke na sehemu yake ya deni, na atoe taarifa ya mwaka mmoja au zaidi.

*Inawafaa nani?* Miji yenye ukubwa usiopishana sana, yenye mazoea ya kufanya mambo pamoja, na inayojiona ikibaki majirani kwa miaka 20 ijayo. Miji iliyowahi kufikishana mahakamani juu ya mpaka ianze na jambo dogo zaidi.

Njia ya pili: mwenyeji na mteja

Mji mmoja unajenga. Jirani anasaini mkataba wa kuleta taka na kulipa tozo kwa tani. Ni njia ya haraka, haihitaji chombo kipya, na watu huidharau bila sababu. Mfano unaonivutia zaidi unatoka Ujerumani. Unahusu tanuru la kuchomea taka badala ya kiwanda cha kuchambua, lakini mkataba wake una mengi ya kutufundisha. Mwaka 1995 wilaya nne zilizo karibu na Hamburg, yaani Stade, Harburg, Rotenburg na Soltau-Fallingbostel, zilikubaliana na idara ya usafi ya Hamburg zitengewe nafasi ya tani 120,000 kwa mwaka kwenye tanuru lenye uwezo wa tani 320,000. Bei ilikokotolewa kwa kanuni moja kwa wilaya zote nne. Wilaya hizo nazo zilikubali kupokea kwenye majalala yao mabaki ya tanuru yasiyotumika, kila moja kwa kadiri ya taka ilizopeleka. Yaani swali la mabaki lilijibiwa siku ya kusaini. Mkataba ulipopingwa kwa kuwa haukupitia zabuni, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Juni 2009 kwamba ule ulikuwa ushirikiano wa vyombo vya umma katika kazi ya umma na haukuvunja sheria.

*Mtaji na deni.* Mteja hakopi. Mwenyeji anabeba kila kitu, na hatari ya mwenyeji ni kujenga kikubwa kuliko mahitaji akitumaini majirani watakuja. Harrisburg, mji mkuu wa jimbo la Pennsylvania, uliomba kinga ya kufilisika mwaka 2011 kwa sababu ya madeni ya tanuru la taka ambayo mji uliyadhamini. Mahakama ililikataa ombi hilo, deni likabaki palepale. Mji unaotaka kuwa mwenyeji usiweke tofali la kwanza kwa ahadi za mdomo. Usubiri saini za kuleta tani.

*Maamuzi.* Mteja hana kiti, ana mkataba. Kama anataka kujua kwa nini bei imepanda, haki ya kukagua hesabu iwe imeandikwa. Namshauri mteja adai pia mtu wake asimame mizanini na kwenye uchambuzi wa sampuli. Mwenyeji mwema hatakataa. Akikataa, mmeshajibiwa.

*Mabaki.* Hatari iko pande zote mbili. Mwenyeji anaweza kumtwika mteja uchafu wake mwenyewe kwa kuwa yeye ndiye mpimaji. Mteja naye anaweza kulegeza ukusanyaji kwa kuwa kiwanda si chake. Kilicho bora ni tozo yenye ngazi, mzigo safi kwa bei ya chini na mchafu kwa bei ya juu, pamoja na kipengele kama kile cha Hamburg, kwamba mabaki yarudi yalikotoka kwa uwiano. Mji utakaoona trela la mabaki yake likirudi kila Ijumaa utajifunza kuelimisha wakazi wake.

*Soko.* Inategemea marobota ni ya nani. Tozo isiyobadilika humpa mteja utulivu na humwachia mwenyeji kupanda na kushuka kwa bei. Wengine hugawana mapato juu ya kiwango fulani, jambo ambalo naliona la haki mradi hasara nayo igawanywe kwa kipimo kilekile.

*Dharura.* Mteja aulize swali moja: nafasi ikipungua, malori ya nani yanageuzwa kwanza? Kama mkataba uko kimya, jibu ni yake.

*Kutoka.* Ni rahisi kuliko njia zote. Mkataba unakwisha, mteja anaondoka. Kwa mwenyeji wepesi huo ni tishio, na ndiyo sababu atataka miaka mingi.

Kuna jambo lisiloonekana kwenye hesabu: wakazi wa jirani na kiwanda. Wao ndio wanaopata malori, vumbi, kelele na harufu kwa niaba ya miji miwili. Fidia ya mji mwenyeji, iliyotengwa kwenye kila tani ya mgeni, ifike kwenye barabara na mifereji ya mtaa huohuo, isimezwe na mfuko mkuu. Hoja hii inahusu njia zote tatu, lakini hapa ndipo husahaulika zaidi, kwa sababu fedha zinaingia na kila mmoja ana matumizi yake kichwani.

*Inawafaa nani?* Mahali ambapo mji mmoja ni mkubwa waziwazi na tayari una eneo, na mwingine ni mdogo, au una haraka, au haujui utakuwa na watu wangapi miaka 10 ijayo.

Njia ya tatu: mkandarasi, miji ikiungana kwenye zabuni

Miji haijengi. Inaunganisha tani zake, inatangaza zabuni moja, na mwenye kiwanda anashindania mzigo. Nguvu ya njia hii ni ile ya kununua kwa jumla: tani 80 kwa pamoja zinasikilizwa kuliko tani 20 peke yake.

*Mtaji na deni.* Hakuna mkopo wa umma. Lakini mwenye mtaji hujilinda, na silaha yake ni kipengele cha kiwango cha chini: leteni tani kadhaa kila mwezi, au lipieni hata kama hamkuleta. Kisomeni kipengele hicho mara tatu. Mji ukifaulu kupunguza taka, au ukiruhusu wauza vinywaji warudishiwe chupa zao moja kwa moja, utajikuta unaadhibiwa kwa kufanya vizuri. Dai kiwango kinachoshuka mwaka hadi mwaka.

*Maamuzi.* Miji inaamua kabla ya kusaini; baada ya hapo inasimamia. Teueni mtu mmoja anayeijua kazi, alipwe na miji yote, akae karibu na kiwanda.

Kuna suala la sheria pia. Je, mji unaweza kuamuru taka zote ziende kwenye kiwanda kimoja? Nchini Marekani Mahakama ya Juu ilibatilisha mwaka 1994 amri ya mji wa Clarkstown iliyolinda kiwanda cha mwendeshaji mmoja binafsi. Mwaka 2007 mahakama hiyohiyo iliiruhusu amri ya wilaya za Oneida na Herkimer, jimbo la New York, kwa kuwa vituo vyao vilimilikiwa na mamlaka yao ya umma. Sheria ya kwenu inaweza kuwa tofauti, lakini swali ni hilohilo, na mwanasheria atoe jibu kabla hamjaahidi tani msizo na mamlaka nazo.

*Mabaki.* Mkandarasi ndiye anayepima, na kwa desturi tani zikizidi kiwango fulani cha uchafu analipisha faini. Hilo si baya kama mpimaji wa tatu yupo. Ulizeni pia mabaki yanapelekwa wapi, na mpate stakabadhi za jalala. Tangu Januari 2021, mabadiliko ya Mkataba wa Basel, makubaliano ya kimataifa kuhusu kuvusha taka mipakani, yanataka plastiki iliyochanganyika au yenye uchafu ipate ridhaa ya nchi inayopokea kabla ya kuvushwa mpaka. Mji ulioachia mzigo wake mlangoni bado una jina lake kwenye mzigo huo.

*Soko.* Katika nyakati nzuri mkandarasi ananawiri. Katika mbaya anarudi kuomba mkataba ufumuliwe. Mwandike kanuni ya bei iliyofungwa kwenye kipimo kinachotangazwa hadharani.

*Dharura.* Kampuni yenye viwanda kadhaa inaweza kuhamisha mzigo siku hiyohiyo. Kwa hili njia ya tatu inazishinda zile mbili, ila kampuni yenye kiwanda kimoja haina faida hiyo.

*Kutoka.* Tarehe iko wazi. Tatizo ni kwamba siku mkataba unapokwisha hamna mashine, hamna eneo, na wafanyakazi wenye ujuzi ni wa mtu mwingine.

*Inawafaa nani?* Miji iliyo karibu na viwanda viwili au zaidi vinavyoshindana. Kikiwa kimoja tu, zabuni ni jina.

Njia hizi huchanganyika, na si kosa. Shoreway, niliyoitaja juu, ni mali ya umma lakini mwendeshaji ameajiriwa kwa mkataba. Jengo na eneo vikiwa vyenu, kumbadilisha mwendeshaji ni kazi ya miezi. Vikiwa vyake, ni kuanza upya.

Waokota taka wako wapi katika haya?

Kabla ya kiwanda, kuna watu ambao tayari wanachambua. Sheria ya taka ya Brazili niliyoitaja inawataja waokota taka na vyama vyao vya ushirika na inataka washirikishwe. Kiwanda cha pamoja kinachofunga majalala mawili kwa mpigo kinaondoa riziki mara mbili. Watu hawa wanajua plastiki kwa kuisikia ikikunjwa mkononi, na mkanda unahitaji macho hayo. Njia yoyote mtakayochagua, idadi ya nafasi zao, usafiri wa kufika kiwandani na chama chao viwe kwenye mkataba wenyewe.

Kulingana na hali yenu

Kama miji yenu inalingana kwa ukubwa na tayari mnashirikiana kwenye maji au zimamoto, mamlaka ya pamoja ina mizizi ya kushika. Anzeni na katiba ya kura na kanuni ya mabaki. Mchoro wa kiwanda usubiri.

Kama mmoja ana eneo na uwezo na mwingine hana, kuweni mwenyeji na mteja kwa miaka 5 hadi 7, na mweke kipengele kinachomruhusu mteja kununua hisa baadaye. Kwa njia hiyo mnaona tabia za kila mmoja kabla ya kufungamana.

Kama hakuna mji wenye uwezo wa kukopa leo, na viwanda vya kushindana vipo, unganeni kwenye zabuni. Tengeni kidogo katika kila tani ili mkataba ukiisha muwe na cha kuanzia.

Kama mko mbali na trela moja litatumia nusu siku barabarani, hesabuni kwanza kituo cha kuhamishia. Inawezekana kila mji kubaki na banda lake la kuchambulia kwa mkono na mashine ndogo ya kufunga marobota, kisha mkauza pamoja kwa mnunuzi mmoja. Huo nao ni ushirikiano, na hauhitaji kujenga kiwanda.

Na kama bado hamjui mzigo wenu una nini ndani, msichague lolote mwezi huu. Chukueni malori manne ya kila mji, msimu wa mvua na wa kiangazi, mwage, mchambue kwa mkono, mpime kila lundo, na wawakilishi wa miji yote wasaini karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo iwe kiambatisho cha kwanza cha mkataba, wowote ule mtakaouandika.